Paipu ya breki iliyo karibu na ekzosi

Pedali ya breki ikizama gari likiwa limechemka, kisha kesho yake asubuhi ikawa ngumu kama kawaida, usikimbilie kununua masta silinda, ile pampu kuu ya breki. Ingia chini utazame paipu imepita wapi. Mara nyingi ekzosi ilichomelewa upya ikasogea karibu mno, au lile bati la kuzuia joto lilianza kupiga kelele, likang'olewa na kutupwa.

Mafuta mapya ya breki ya daraja la DOT 3 hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kiwango hicho kinashuka hadi 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea. Hapo mguu unazama bila gari kusimama.

Dawa ya kwanza ni nafasi. Acha walau sentimita 5, ukikumbuka kwamba injini ikitikisika, ekzosi nayo inacheza. Pakibana, funga bati la alumini katikati, lisiguse paipu wala ekzosi, maana ule upenyo wa hewa kila upande ndio unaofanya kazi kubwa. Soksi ya fiberglasi yenye foili, inayovishwa paipu, ni nyongeza tu. Ikinywa maji, paipu ya chuma huoza humo ndani bila kuonekana.

Kamba za plastiki huyeyuka, waya husaga paipu. Kushikilia paipu, tumia klipu za chuma. Paipu ya shaba ya friji usiiweke kabisa: hupasuka kwa mtikisiko.

Kisha badilisha mafuta yote na utoe hewa.