Kwa nini ukimtaja Yesu wengine wananuna

Nina marafiki ukianza tu "Yesu anakupenda" sura inabadilika hapohapo, mwingine anatoa simu anajifanya kuna meseji anajibu. Sisi wapendwa tunakimbilia kusema huyo ana pepo. Mi naona tusiharakishe, maana wengi wao ukikaa nao vizuri wala hawana ugomvi na Yesu mwenyewe.

Chukulia mabasi ya mikoani. Gari limetoka Mbezi, hata Kibaha halijafika, mtu anasimama katikati ya siti anaomba dakika 2 tu jamani, anaondoka na nusu saa, anafoka kama vile basi zima linaenda jehanamu, na kina mama wa Kiislamu wamekaa hapo mbele yake wanaambiwa dini yao haina kitu. Akimaliza anapitisha bahasha. Sasa wale kina mama Nabii Isa wanamheshimu, wanajua kazaliwa na bikira Maryam, miujiza yake wanaijua, wanachokataa ni kwamba ni Mwana wa Mungu, yaani mngeweza kupiga stori tamu kabisa mpaka Morogoro, ila ndo ushaharibu.

Halafu kuna makubwa zaidi. Februari 2020 pale Moshi watu 20 walikufa kwenye msongamano wakigombania kukanyaga mafuta ya upako. 2023 Shakahola, kule Kilifi nchini Kenya, ikafukuliwa miili zaidi ya 400, watu walifundishwa wafunge mpaka wafe ndo wakamwone Yesu, na watoto walikuwemo. Mtu aliyepoteza dada yake kule ukimfuata na kipeperushi cha wokovu unategemea akuchekee? Na waliouza kiwanja wakatoa sadaka ya mbegu, ile ya kuahidiwa utavuna mara nyingi zaidi, mchungaji kabadilisha gari wao bado wamepanga, hao tunao mtaani humuhumu.

Ila wanaosema ukiongea kwa upole kila mtu atakupokea, hapo nakataa. Soma Luka 4, Yesu yuko Nazareti, nyumbani kwao kabisa, mwanzoni wanamsifia anaongea vizuri, kugusia tu kwamba Eliya alipelekwa kwa mjane wa Sarepta na aliyetakaswa ni Naamani wa Shamu, yaani neema imewaruka wao ikaenda kwa watu wa nje, sinagogi zima likawaka wakamtoa nje ya mji wakamtupe kwenye ukingo wa kilima. Na hapo hakukuwa na spika wala bahasha. Wapo wanaonuna kwa sababu wamekuelewa vizuri sana.

Nina mjomba wangu yuko hivyo, shamba la ndugu zake kaling'ang'ania tangu babu afariki. Neno anasikiliza, amina anaitikia, mahubiri ya redioni hakosi, lakini fika pale Zakayo, yule mtoza ushuru wa kwenye Biblia, anaposema kama nimemdhulumu mtu namrudishia mara nne, mjomba anainuka, anakumbuka ng'ombe hawajakamuliwa.