Mr. Bean na kigugumizi

Jana usiku nilimsimulia mpwa wangu, ambaye ana kigugumizi, habari za Rowan Atkinson, yule mwigizaji wa Mr. Bean. Alikuwa hajui kwamba Mr. Bean naye ana kigugumizi! Akaniuliza mara mbili kama ni kweli.

Ni kweli kabisa. Atkinson alizaliwa 1955 huko Consett, kaskazini mwa Uingereza, akasomea uhandisi wa umeme Chuo Kikuu cha Newcastle na kisha cha Oxford. Herufi B ndiyo iliyomsumbua zaidi. Mwenyewe ameeleza kwamba akiigiza mtu mwingine, kigugumizi hutoweka. Mkimsikiliza kwenye Blackadder, kipindi chake kingine cha vichekesho cha televisheni, mtaona anavyoyatamka maneno kwa kuyauma, na kwangu mimi hapo ndipo utamu wote ulipo.

Oxford alikutana na Richard Curtis, mwandishi wa vichekesho, wakawa wanaandika pamoja. Huko huko ndiko Bean alikoanza kuchipuka, miaka mingi kabla ya kuonekana kwenye televisheni mwaka 1990. Mwaka 1987 Atkinson alimpeleka Bean kwenye tamasha la vichekesho Montreal, Kanada, akaomba apangwe jukwaa la Kifaransa, kwa watu wasiotumia Kiingereza. Alitaka kuona kama uso na mwili peke yake vitawachekesha. Wakacheka. Ndiyo maana hata bibi yangu, asiyejua Kiingereza hata kidogo, alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi kwa khanga.

Mpwa wangu sasa anataka kujiunga na kikundi cha maigizo shuleni. Nimefurahi mno, jamani. Wenye watoto wa namna hii, mnawasaidiaje?