Uyoga umeua seli za saratani: kwa kiwango gani?

Utafiti ukisema uyoga wa reishi umeua seli za saratani, anza kusoma sehemu ya mbinu. Uyoga ulichujwa kwa kutumia nini? Ukichemshwa kwenye maji unatoa hasa beta-glukani, sukari zenye molekuli kubwa. Ukilowekwa kwenye ethanoli unatoa triterpeni, zile zenye uchungu mkali, na hizo ndizo zinazoweza kuua seli moja kwa moja. Beta-glukani hufanya kazi kwa kuamsha kinga: hushikwa na kipokezi cha dectin-1 kwenye makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu. Sahani ya maabara yenye seli za HeLa pekee (seli za saratani ya mlango wa kizazi zinazokuzwa maabara) haina makrofaji, kwa hiyo mchujo wa maji ukiua sana humo, nashuku kuna kasoro.

Kipimo kinachotumika sana ni MTT, jina la rangi ya njano inayoonyesha seli zilizo hai. Unapanda seli 5,000 hadi 10,000 katika kila kisima (kishimo kidogo) cha sahani ya visima 96, unaziacha saa 24 zishike chini, unaweka mchujo, unasubiri saa 48 au 72. Kisha unatia MTT, miligramu 0.5 kwa mililita, kwa saa 2 hadi 4 kwenye nyuzi 37. Seli hai huigeuza kutoka njano kuwa fuwele za zambarau. Unaziyeyusha kwa DMSO, kiyeyushi cha maabara, na kusoma ukali wa rangi kwa mwanga wa nanomita 570.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Polifenoli, kemikali za asili za uyoga, zinaweza kuigeuza MTT zambarau bila seli yoyote, na seli zilizokufa zikahesabiwa kuwa hai. Weka visima vyenye mchujo na MTT bila seli, kisha utoe usomaji wake. DMSO ya kuyeyushia mchujo nayo ni sumu: isizidi asilimia 0.5, na kiasi hichohicho kiwemo kwenye visima vya ulinganisho. Seli za kawaida zipimwe sambamba, maana hata sabuni ya kufulia inaua HeLa.

Halafu piga hesabu. Tuseme mchujo umeua nusu ya seli kwa mikrogramu 500 kwa mililita. Mtu mzima ana damu kama lita 5. Hiyo ni gramu 2.5 ndani ya damu kwa mara moja, bila tumbo wala ini kupunguza chochote. Kikombe cha kahawa ya reishi hakifiki huko hata kidogo, na inaniuma kuona wagonjwa wakiuziwa ahadi kwamba itaua saratani.

Kwa binadamu, Japani ndiyo iliyokwenda mbali. PSK, dawa iliyochujwa kutoka uyoga wa Trametes versicolor, iliidhinishwa mwaka 1977, na dozi ya kawaida ilikuwa gramu 3 kwa siku, kwa kumeza. Lentinani, beta-glukani ya uyoga wa shiitake, iliidhinishwa 1985, nayo ilichomwa kwenye mshipa. Zote zilitumika pamoja na kemotherapi. Kuhusu reishi, mapitio ya mwaka 2016 ya Cochrane, shirika linalochambua tafiti za tiba, yalikusanya majaribio 5 yenye wagonjwa 373, na hayakupata ushahidi wa kutosha kuufanya tiba ya kwanza ya saratani.

Ukiwa unatumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au unasubiri upasuaji, mwambie daktari kwamba unakunywa reishi. Uyoga huo unaweza kuongeza hatari ya kutokwa na damu.