Jinsi nilivyotuliza tumbo nikitibiwa baridi yabisi

Nikiwa Guangzhou, China, nikitumia dawa ya metotreksati kila wiki kwa baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia maungio ya mifupa, kwangu ya vidole, tumbo lilijaa gesi na hamu ya kula ikapotea. Tabibu wa tiba ya Kichina aliukagua ulimi wangu, akaukuta na utando mweupe mzito, akasema wengu, ambao tiba hiyo huuhusisha na usagaji wa chakula, umelemewa na baridi na unyevu. Akanikataza vinywaji vya barafu, saladi na vyakula vya kukaanga. Asubuhi nikawa nakunywa uji mwepesi wa mchele uliochemshwa pamoja na tangawizi na punje za yiyiren, nafaka inayoaminiwa kuondoa unyevu, na tumbo likatulia. Nafuu ya vidole, kwa haki, naihesabia dawa, ambayo sikuiacha. Mzizi wa lei gong teng, unaotumika kwa ugonjwa huu lakini wenye sumu, niliukataa kwa ushauri wa daktari wa hospitali.