Kuta za zamani, Jumapili asubuhi

Ukitaka kupiga picha majengo ya zamani hapa Nairobi, toka Jumapili kabla ya saa mbili asubuhi. Jua bado liko chini, linapiga ukuta kwa ubavu, na kila alama ya patasi kwenye jiwe inajitokeza. Ikifika saa nne, sahau. Ukuta wote unakuwa bapa kama chapati.

Leo nilianzia Biashara Street, ile iliyoitwa Bazaar Street zamani. Wengine huja huku kutafuta vitenge na nguo za watoto. Mimi natembea nikitazama juu. Kuna ukuta mmoja ambao chokaa ya katikati ya mawe ililiwa na mvua, fundi akaja akaziba kwa saruji. Sasa saruji imesimama imara, jiwe lenyewe ndilo linamomonyoka pembeni yake, maana saruji ni ngumu na haipitishi unyevu kama chokaa. Hiyo ndiyo picha yangu ya leo.

Kipande House niliipita haraka. Ni ya 1913, na baadaye ndipo Waafrika walipoandikishwa na kupewa kipande, yaani kitambulisho cha kuvaa shingoni. Historia nzito, lakini jengo limetunzwa mno. Mimi natafuta makovu.

Halafu askari mmoja: "Boss, unapiga nini hapo? Si huo ukuta umeharibika!" Nikamwonyesha kwenye kamera. Akaangalia, akaangalia tena, akaniambia kule nyuma kuna mwingine mbovu zaidi, nimfuate.