Vidonge vya "seli shina" na mkono wa Baba

Baba alikuwa akishona nyavu pale Mwaloni, Kirumba, tangu mimi sijazaliwa. Mwaka juzi mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka akiwa amekaa tu, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayehesabu noti. Akishika uzi, unatulia. Sisi tukasema ni uzee, majirani wakasema karogwa. Daktari akasema ni Parkinson.

Wiki iliyopita shangazi aliandika kwenye grupu la familia: kuna mtu anauza vidonge vya "seli shina", yaani seli changa zinazoweza kukua zikawa za aina nyingine, boksi moja laki nne na nusu, eti ubongo utajijenga upya. Watu wakaanza kuchanga palepale. Nilikataa, na nataka nieleze kwa nini.

Ugonjwa huu huua seli za ubongo zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo, na bila dopamini mwili unakuwa mzito kutii. Kupanda seli mpya mahali pa zilizokufa si uongo. Mwaka 2006, kule Kyoto, Japani, Shinya Yamanaka alionyesha kwa seli za panya kwamba seli iliyokwisha kukomaa inaweza kurudishwa ikawa kama ya kiinitete, kisha ikalelewa kuwa ya aina nyingine. Mwaka 2018 madaktari wa hukohuko wakaanza kuwapandikizia wagonjwa wa Parkinson seli zilizotengenezwa kwa njia hiyo. Matokeo yalitoka Aprili 2025: wagonjwa 7, wakafuatiliwa miaka 2, hakuna aliyepata madhara makubwa. Kati ya 6 waliopimwa mwendo wao, 4 walipata nafuu hata dawa ikiwa imeisha nguvu mwilini.

Lakini hao walitobolewa fuvu! Mamilioni ya seli hai yalipitishwa kwa sindano hadi ndani kabisa ya ubongo, na wakapewa dawa za kushusha kinga ili mwili usizikatae. Seli hai haikai kwenye boksi la vidonge, na ukiimeza tumbo litaisaga kama linavyosaga dagaa.

Shangazi aliniambia, "Unamnyima kaka yangu uzima." Neno hilo sijalala nalo vizuri.

Kinachomsaidia Baba leo ni levodopa, dawa ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, na tulikuwa tunampa vibaya. Alikuwa anameza katikati ya ugali na sato, kumbe protini ya samaki inagombania njia na dawa. Mchana kutwa miguu inagandia mlangoni, hawezi kuvuka kizingiti. Siku hizi simu yangu inalia saa kumi na mbili asubuhi, anameza na maji, tunasubiri nusu saa nzima ndipo chai na kiporo cha samaki. Jana nilimkuta barazani, wavu mapajani, ameziba matundu manne. La tano akaniita nimshikie.

Hela za mchango nimeomba zinunue dawa ya miezi mitatu. Shikamoo shangazi. Njoo Jumapili asubuhi, kabla ya chai, umwone.