Nilivyofuga Uduvi wa Maji Baridi Katika Joto la Dar es Salaam

Asubuhi ya leo nimehesabu uduvi 62 katika upande mmoja wa tangi langu, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu wadogo walikuwa wengi na jicho halikuweza tena kuwafuata kwenye majani. Miaka mitatu iliyopita, katika tangi hilohilo, uduvi wangu 12 wa kwanza walikufa wote ndani ya siku nne, na aliyeniuzia akaniambia nisijisumbue kununua wengine, kwani Dar es Salaam haiwafai viumbe hawa kutokana na joto lake. Ushauri huo uliniuma kuliko hasara yenyewe. Tangu hapo nimekutana na watu kadhaa waliogawa au kuuza matangi yao kwa kuamini maneno kama hayo, nami nimeona ni vyema nieleze jinsi nilivyofanikiwa, pamoja na makosa yaliyonigharimu uduvi wengi.

Nilikulia Musoma, ambako uduvi hawakuwa kitu cha ajabu. Dagaa walipoanikwa, tulikuwa tukiwaona wamechanganyika nao, wembamba kama nyuzi na weupe kwa kukauka. Hao ni uduvi wa Ziwa Victoria, ambao wataalamu huwaita Caridina nilotica. Ninaowafuga mimi ni ndugu zao wa mbali kutoka Asia ya Mashariki, Neocaridina davidi, ambao porini wana rangi ya hudhurungi au kijani kilichofifia, na wekundu wao umetokana na wafugaji kuchagua vizazi kwa vizazi wale waliokolea rangi. Jike aliyekomaa kwa kawaida hazidi sentimita nne. Pamoja na udogo huo, ukimtazama kwa karibu utaona hapumziki: miguu yake ya mbele ina vibrashi ambavyo hukwangua utando juu ya jani na kuupeleka mdomoni, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, kama mtu anayekula ugali kwa haraka kabla ya kwenda kazini.

Uduvi wa kwanza walikufa kwa sababu nilitii maelekezo niliyopewa dukani, yaani nijaze tangi na niwaweke siku hiyohiyo. Niliambiwa pia kila wiki nimwage maji yote na kusugua mawe mpaka yang'ae. Tangi jipya halina bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokanayo na kinyesi na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na nitriti kuwa nitrati yenye madhara kidogo, na bakteria hao hukaa juu ya mawe, mchanga na sponji, si ndani ya maji. Ukisugua kila kitu umewaondoa. Mara ya pili niliacha tangi likae wiki tano likiwa na mimea na chembe ndogo tu za chakula cha samaki, hadi vipimo vya amonia na nitriti vilipobaki sifuri kwa siku kadhaa mfululizo, na shida hiyo haikurudi tena.

Shida iliyofuata ilikuwa ya maji, na hii ndiyo iliyonisumbua zaidi. Naishi Tegeta, karibu na kilima cha Wazo, ambako kuna mawe ya chokaa, na kisima chetu kinatoa maji magumu kiasi kwamba birika huota ukoko mweupe kabla mwezi haujaisha. Kipimo changu cha chumvi zilizoyeyuka, kile chenye umbo la kalamu, kilisoma zaidi ya miligramu 900 kwa lita, wakati uduvi hawa hustawi vizuri kwenye 200 hivi. Mwenzangu mmoja kazini akanishauri nikinge maji yanayodondoka kutoka kwenye kiyoyozi, akisema ni safi kama maji ya betri. Kwa wiki mbili nilikinga ndoo chini ya ule mrija wa nje, nikapima, na kipimo kikasoma 14. Nilifurahi sana. Nikachanganya maji hayo na ya kisima, nikapata 200 kamili, nikamimina.

Usiku ule uduvi walianza kuogelea ovyo kuzunguka kioo, jambo ambalo wakiwa wazima hawalifanyi isipokuwa madume wanapomtafuta jike aliyetoka kujivua gamba. Asubuhi niliwakuta sita wamelala ubavu, miguu ikitetemeka, na mmoja ameng'ang'ania kipimajoto juu kabisa ya maji, kana kwamba anatafuta njia ya kutoka. Samaki wadogo niliokuwa nao katika tangi hilo walikuwa wazima na wanakula, na hilo ndilo lililonichanganya, kwa sababu niliamini kwamba maji yaliyomfaa samaki humfaa na uduvi. Nikabadili maji kidogo kidogo siku nzima, lakini kufikia Jumapili walibaki wanne tu kati ya 20.

Ilinichukua muda kuelewa. Ndani ya kiyoyozi mna mabomba ya shaba, na unyevu wa hewa unaogeuka maji juu yake huweza kubeba shaba kiasi. Damu ya uduvi husafirisha oksijeni kwa kutumia shaba, tofauti na yetu inayotumia chuma, kwa hiyo wanaihitaji kwa kiwango kidogo mno. Ikizidi ndani ya maji huwaua haraka, wakati samaki wengi bado wanaistahimili. Kalamu yangu hupima jumla ya vilivyoyeyuka na haiwezi kutaja ni vitu gani. Niliponunua dawa ya kupimia shaba na kuidondoshea kwenye maji yaliyobaki ndooni, rangi ilibadilika hapohapo. Tangu siku hiyo nasoma pia karatasi ya kila mbolea ya mimea kabla ya kuinunua, na yenye shaba nyingi naiacha dukani.

Sasa natumia maji ya mvua. Wakati wa masika na wakati wa vuli natandaza mabeseni ya plastiki katikati ya uwanja, mbali na paa, kwani mabati yana zinki, nayo si rafiki wa uduvi. Dakika kumi za mwanzo nayaacha yaoshe vumbi la hewani, ndipo nakinga na kuhifadhi kwenye madumu yenye vifuniko. Sehemu moja ya maji ya kisima kwa sehemu nne za maji ya mvua hunipa takribani 200, na kalsiamu ya ile chokaa inatosha uduvi kujenga gamba jipya. Wenye visima vya maji ya chumvi wasiige mchanganyiko wangu, maana ugumu wa maji yao hautokani na chokaa. Anayetumia maji ya bomba akumbuke kwamba yametiwa klorini. Mimi ninapolazimika kuyatumia huweka matone ya dawa ya kuondoa klorini kwanza.

Kuhusu joto, muuzaji alikuwa na nusu ya ukweli. Januari na Februari maji ya tangi langu yalifika nyuzijoto 31 na nusu, ambapo maji hushika oksijeni pungufu huku mwili wa uduvi ukiihitaji zaidi. Nilianza kwa kuweka chupa za barafu zielee ndani ya tangi. Saa sita mchana maji yalishuka hadi 26, usiku yakarudi 31, na ndani ya wiki moja nikakuta uduvi watatu wamekufa wakiwa katikati ya kujivua, kila mmoja akiwa na mstari mweupe umezunguka shingo mahali ambapo gamba lilipasuka bila kuachia. Yale mabadiliko ya ghafla yaliwadhuru kuliko joto lenyewe.

Jibu nililipata usiku mmoja umeme umekatika, nikiwa nimekaa gizani nikisikiliza kimya cha pampu. Nilimkumbuka bibi yangu na mtungi wake. Mtungi ule ulikaa kwenye kona ya nyumba, juu ya mchanga, na maji yake yalikuwa ya baridi hata kiangazi kilipokuwa kikali. Siku moja nilitaka kuupaka rangi ya mafuta ili upendeze, akanishika mkono. "Mwanangu, mtungi hutoka jasho. Ukiuziba, tutakunywa maji ya moto." Jasho lile linapokauka huchukua joto na kwenda nalo, na maji yanayobaki ndani yanapoa. Tangi langu lilikuwa na kifuniko cha kioo kilichokaza, kumbe nilikuwa nimeuziba mtungi.

Kesho yake niliondoa kifuniko, nikaweka wavu mwembamba badala yake, nikafunga kwenye ukingo feni ndogo ya kompyuta ya volti 12, ile ambayo mafundi huitoa kwenye mashine mbovu na kuiuza kwa bei isiyozidi ya sahani ya chipsi. Niliielekeza ipulize juu ya uso wa maji. Kufikia jioni maji yalikuwa nyuzijoto 28 na nusu, na asubuhi 27 na kidogo, wala hayajarudi 30 tangu hapo. Feni hiyo haili umeme mwingi, hata betri ndogo huiendesha usiku kucha pamoja na pampu ya hewa. Jambo moja tu lizingatiwe: tangi langu la lita 60 hupoteza karibu lita moja kwa siku, na maji yanapoondoka huziacha chumvi nyuma, hivyo ninachojazia ni maji ya mvua matupu. Nikijazia ya kisima, baada ya mwezi ugumu huwa umepanda sana.

Mimea haikunipa taabu nyingi. Mosi ya Java, mmea laini wa majini unaofanana na nyuzi, nimeifunga kwa uzi kwenye kipande cha mti, na ndiko watoto wanakojificha. Anubiasi, ambayo asili yake ni Afrika ya Magharibi na ya Kati, hukua taratibu na haidai mwanga mkali, ila shina lake nene lisifukiwe mchangani kwani litaoza. Niliwahi kuchota magugu bwawani nikayatia bila kuyakagua, na miongoni mwake alikuwamo lava wa kereng'ende, yaani mtoto wake anayeishi majini, aliyenilia watoto wa uduvi kwa majuma mawili kabla sijamfumania. Ninachokipenda zaidi ni majani makavu ya mkungu, mti uliojaa kandokando ya mitaa yetu. Nachukua yale ya kahawia yaliyojiangukia mbali na barabara, nayachemsha kidogo, natia mawili. Baada ya siku chache huota utando ambao uduvi huula, na hatimaye hubaki mishipa ya jani peke yake, kama kitambaa cha kufuma.

Mwezi wa tano baada ya ile feni, niliona alama ya njano nyuma ya shingo ya jike mmoja, ambayo ni mayai yakiwa bado mwilini. Siku chache baadaye mayai yalikuwa chini ya tumbo lake, niliyahesabu 24, naye akawa anayapepea kwa miguu yake ya kuogelea bila kuchoka, wakati mwingine akiligeuza yai moja kama mpishi anayegeuza kitumbua. Siku ya 23 nilikiona kidoa chenye macho mawili meusi juu ya kioo, kirefu kama punje ya ufuta, kikikwangua utando kama mama yake. Uduvi hawa hawapitii hatua ya lava inayohitaji maji ya chumvi kama ilivyo kwa Caridina multidentata, wale walioenezwa na Mjapani Takashi Amano, mbunifu wa matangi ya mimea, kwa sababu hula utando wa kijani, ndiyo maana namshauri anayeanza aanze na hawa wekundu. Nilimwita mke wangu atoke jikoni, tukakaa pale hadi wali ukaungua.

Chumbani mwa tangi hatupulizi kamwe dawa ya mbu, kwa kuwa pampu huivuta hewa ya chumba na kuiingiza majini, na dawa iuayo mdudu humuua na uduvi. Tunalala na chandarua, na wageni wote wameshaelezwa.

Jumamosi iliyopita nilimgawia binamu yangu wa Mbagala uduvi 18. Nilikwenda nao mwenyewe katika ndoo yenye maji ya kwangu, nikafunga mrija wa dripu, ule wa dukani kwa dawa, kutoka tangini mwake hadi ndooni, nikauachia utone matone mawili kwa sekunde kwa saa mbili na nusu tukiwa tunakunywa chai. Jana usiku alinipigia simu kwamba wote 18 wapo juu ya jani la mkungu, na kwamba ameshakiondoa kifuniko cha kioo.